Fikra Hazibadiliki Ukumbini

Tangu Tanzania ikabidhiwe mashindano ya AFCON 2027 pamoja na Kenya na Uganda, na uwanja mpya kuanza kuinuka Olmoti, wafanyabiashara wadogo wa Arusha wamekuwa wakihubiriwa neno moja: badilini fikra. Linasemwa kwenye semina za kulipia, kwenye makundi ya WhatsApp, kwenye redio za asubuhi, hata kwenye mikutano ya kata. Moshi nako ni hivyo hivyo. Mtu analipa kiingilio, anakaa ukumbini siku nzima, anaimba alichoimbishwa na kurudi nyumbani amechangamka. Jumatatu anafungua genge lake kwenye soko la Kilombero, anapanga nyanya kwa mafungu yale yale, kwa bei ile ile, na jioni anahesabu kwa kichwa kama alivyozoea. Baada ya wiki tatu uchangamfu umekwisha na kimebaki kitu kibaya kuliko alichokuwa nacho mwanzo: anaamini kwamba yeye ndiye mwenye kasoro, kwa kuwa wenzake wamebadilika ila yeye.

Hana kasoro. Alichofundishwa ndicho kilichopinduliwa kichwa chini miguu juu. Semina zinasema fikra huja kwanza na matendo hufuata. Ushahidi tulio nao, wa ndani na wa nje, unaonyesha kwamba kwa watu wengi mambo huenda kinyume chake: mtu hujaribu jambo dogo lenye kipimo, huona kilichotokea, hurekebisha, hujaribu tena, na baada ya mizunguko kadhaa hugundua kwamba ameacha kuamini alichokuwa akiamini. Fikra mpya ni mazao ya kazi hiyo. Jambo la pili ninalolisisitiza ni kwamba mazao hayo hayaoti popote. Yanahitaji mtaji kidogo, muda, na watu wa kukuuliza umefikia wapi.

Hoja ya kubadili fikra ni ya kale hapa kwetu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikataa kwamba fedha ndiyo msingi wa maendeleo. Lilisema fedha ni matokeo, na kwamba ili tuendelee tunahitaji vitu vinne: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Wahamasishaji wa leo wangelipenda hadi hapo. Lakini Azimio liliendelea kutaja masharti mawili ya maendeleo, juhudi na maarifa, na lilipofika kwenye maarifa halikuishia kwenye maneno ya jumla. Lilizungumzia jembe: kutumia jembe kubwa pale ambapo dogo halifai, kujua mbolea, kujua zao linalofaa udongo fulani, kujua wakati wa kupanda na wa kupalilia. Na kuhusu juhudi lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote nchini. Yaani waandishi wake walijua kwamba kuna watu wenye juhudi tele ambao bado ni maskini, na kwamba kuwaongezea hamasa si jibu. Semina nyingi za sasa zimechukua nusu ya kwanza ya fundisho hilo na kuitupa nusu ya pili.

Tuanze na upande unaozitetea, kwa sababu una hoja nzito kuliko wapinzani wake wanavyokiri. Mwaka 1998 mwanasaikolojia Carol Dweck na mwenzake Claudia Mueller walichapisha majaribio waliyofanya Marekani kwa watoto wa darasa la tano. Watoto walipewa mafumbo mepesi, kisha wengine wakasifiwa kwa akili zao na wengine kwa bidii yao. Baadaye wote wakapewa mafumbo magumu wakafanya vibaya, halafu wakarudishiwa mepesi. Waliosifiwa akili walishuka kuliko walivyoanza, waliosifiwa bidii wakapanda. Zaidi ya hapo, walipotakiwa kuwaandikia watoto wa shule nyingine alama walizopata, karibu wanne katika kila kumi ya waliosifiwa akili walidanganya. Maneno machache tu yalikuwa yamegeuza kosa kuwa aibu ya kufichwa. Kwa hiyo anayesema mtazamo hauna nguvu yoyote amekosea.

Swali ni nguvu hiyo ni kiasi gani, na inapatikana kwa njia ipi. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa la Marekani lililohusisha wanafunzi wapatao 12,000 wa darasa la tisa. Walipewa somo la mtandaoni lisilofika saa moja, likieleza kwamba uwezo wa akili hukua kwa mazoezi. Wanafunzi waliokuwa nyuma walipanda kwa takriban pointi 0.1 katika wastani wa alama unaopimwa hadi pointi 4 hivi. Si haba kwa saa moja, lakini si muujiza. Na somo hilo lilizaa zaidi pale ambapo wanafunzi wenzao walikuwa tayari kujaribu maswali magumu. Pale ambapo wenzao hawakuwa tayari, halikuzaa sana. Mwaka huo huo Uingereza ilitoa matokeo ya jaribio kama hilo kwa zaidi ya wanafunzi 5,000 wa darasa la sita, na halikuonekana ongezeko lolote la maendeleo ukiwalinganisha na wale ambao hawakulipata. Mbegu ni ile ile, mashamba ni tofauti.

Ushahidi unaotuhusu zaidi unatoka Lomé, Togo, na ulichapishwa mwaka 2017. Wafanyabiashara wadogo 1,500 waligawanywa makundi matatu ya watu 500. Kundi moja halikupata mafunzo. La pili lilipata mafunzo ya kawaida ya biashara: hesabu, masoko, usimamizi wa fedha. La tatu lilifundishwa tabia: kuanza jambo bila kusukumwa, kutazama mbele, na kutokata tamaa likikwama. Katika kipindi cha zaidi ya miaka miwili, faida ya kundi la tatu ilikuwa juu kwa asilimia 30 kuliko ya wasiofundishwa. Ya kundi la pili ilikuwa juu kwa asilimia 11 tu, tofauti ndogo kiasi kwamba watafiti hawakuweza kuithibitisha kuwa si ya bahati. Kwa wanawake pengo lilikuwa kubwa zaidi: asilimia 40 kwa mafunzo ya tabia na 5 kwa mafunzo ya kawaida.

Wenye semina wakisikia matokeo haya husema, mnaona? Naam, tunaona, lakini tuone yote. Mafunzo ya Lomé yalichukua saa 36, siku tatu kwa wiki kwa wiki nne, kila kipindi nusu siku ili mtu asifunge biashara. Baada ya hapo mkufunzi alimfuata kila mmoja kwenye biashara yake mara moja kwa mwezi kwa miezi minne, wakakaa pamoja saa kadhaa wakitazama alichojaribu. Kila mtu alifanyia kazi biashara yake halisi. Hakuna siku moja ya makofi inayoweza kudai sifa ya matokeo hayo, kama vile mtu aliyekunywa kidonge kimoja asivyoweza kusema ametumia dozi.

Hoja dhaifu kuliko zote upande huu ni ile ya matamko: simama mbele ya kioo kila asubuhi, sema mimi ni tajiri, mimi ni mshindi, ione nyumba yako ya Njiro kana kwamba umeshahamia. Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake wa Kanada walipima jambo hili. Watu waliojidharau walipotakiwa kurudia sentensi ya kujisifu, walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao wa hali kama yao ambao hawakuirudia. Sababu si ngumu kuielewa: ukijiambia jambo usiloliamini, moyo hukujibu kwa kukukumbusha ushahidi wote wa kinyume. Na mwaka 1999 watafiti wa Los Angeles waliwagawa wanafunzi waliokaribia mtihani. Wengine wakafikiria kila siku furaha ya kupata alama nzuri, wengine wakajiona wakifungua daftari, wakizima televisheni, wakikaa mezani. Waliofikiria kazi walianza kusoma mapema na kufaulu zaidi ya waliofikiria tuzo. Kuiona nyumba ya Njiro kunaliwaza. Kazi ya kuitafuta ile nyumba inabaki pale pale.

Upande wa pili unasema haya yote ni kuwatwisha maskini mzigo usio wao. Wape watu fedha, barabara na bei nzuri, fikra zitajinyoosha. Nao wana ushahidi. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa wakulima 464 wa miwa kule Tamil Nadu, India, waliopimwa uwezo wa kufikiri kabla ya mavuno, wakiwa wamekaukiwa, na baada ya mavuno, wakiwa na fedha. Mtu yule yule alifanya vibaya zaidi alipokuwa hana. Anayewajua wagumu wanaobeba mizigo Mlima Kilimanjaro haoni ajabu. Mtu anayepanga maisha vizuri mwezi wa Agosti, wageni wakiwa wengi, anakopa kwa riba ya kumkaba mwezi wa Mei, mvua zikiwa zimeondoa safari. Ni fikra zile zile katika kichwa kimoja, zikiwa na shibe na zikiwa na njaa. Vilevile utafiti wa mwaka 2020 vijijini Kenya uliwalinganisha watu waliopewa fedha taslimu na waliopewa wiki tano za ushauri wa kisaikolojia. Baada ya mwaka, waliopewa fedha walikuwa bora kiuchumi na kimoyo. Ushauri peke yake haukuacha alama ya kupimika.

Ninaukubali upande huu kwa sehemu kubwa, isipokuwa pale unaposema fedha inatosha. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, mgawanyo wa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 utaratibu huo ulisimamishwa, ukarejeshwa baada ya kupangwa upya. Fedha ilikuwapo. Kilichokosekana kwa vikundi vingi ni mazoea ya kuijaribu kidogo kabla ya kuimwaga yote, na utaratibu wa kuonyeshana hesabu. Kikundi kinachopokea milioni kumi kikanunua pikipiki nne siku hiyo hiyo bila kuuliza idadi ya bodaboda kwenye kijiwe kimefanya kosa la maarifa, ambalo fedha zaidi zingelikuza tu.

Kuna hoja nyingine inayosikika Kilimanjaro na Arusha kiasi kwamba watu wameacha kuihoji: kwamba Mchaga amezaliwa na fikra za biashara, na wengine waige. Wanaoisema hudhani wanasifu. Ukiichunguza, historia inasema jambo tofauti. Kahawa ililetwa Kilema na wamisionari wa Kikatoliki mwishoni mwa karne ya 19, na pamoja nayo shule. Mwaka 1925 wakulima wenyeji wa Kilimanjaro waliunda chama chao, KNPA, na mwaka 1933 kikafuatiwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU. Kwa miaka mingi mkulima wa Machame au Marangu alipeleka kahawa kwenye chama cha msingi, akapimiwa kilo, akaandikiwa stakabadhi, akasubiri malipo ya pili, akajifunza kwamba kahawa chafu hukatwa bei na kwamba mkutano mkuu unaweza kumwondoa kiongozi. Kabla ya hapo babu zake walikuwa na zamu za maji ya mfongo, yaani mfereji wa asili, ambazo asiyetimiza wajibu wa kuusafisha alizikosa. Na kihamba, yaani shamba la ukoo, hakikutosha kugawiwa watoto wote, hivyo vijana wakalazimika kushuka mjini. Chukua mizani, stakabadhi, zamu na uhaba wa ardhi, viweke mahali pamoja kwa vizazi vitatu, utapata watu ambao wageni watasema wamezaliwa na fikra za biashara. Moshi kuwa na Chuo Kikuu cha Ushirika, kilichoanza kama chuo cha ushirika mwaka 1963, si bahati nasibu. Jengo na daftari vilitangulia, sifa ikafuata.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo semina hunyamaza. Imani inayomkwamisha mtu lazima kwanza iandikwe kwa sentensi inayoweza kuthibitika kuwa si kweli. "Mimi sina bahati" haiwezi kupimwa. "Wateja wangu wa hapa Kijenge hawawezi kulipa zaidi ya shilingi 2,000 kwa sahani" inaweza. Tuchukue mama lishe anayeuza sahani 40 kwa siku kwa bei hiyo. Anaingiza 80,000. Mchele, maharage, mafuta, mkaa, maji na msaidizi vinamtoa 62,000, anabaki na 18,000. Badala ya kupandisha bei yote na kuomba Mungu, anatenga sahani 10 tu kwa siku, anaongeza kipande cha parachichi na mboga za majani zinazomgharimu shilingi 200 kwa sahani, anaziuza 2,500. Kila inayouzwa inampa ziada ya 300. Isiyopata mnunuzi wa 2,500 anaiuza 2,000 kama kawaida, na hapo amepoteza 200. Ukipiga hesabu, akiuza 4 kati ya 10 kwa bei mpya hajapata wala hajapoteza. Akiuza zote kumi anapata 3,000 kwa siku, yaani 18,000 kwa siku sita, sawa na faida ya siku nzima ya ziada kila wiki. Hasara kubwa kabisa, asipouza hata moja kwa siku sita, ni 12,000. Amejua gharama ya kujifunza kabla ya kuwasha jiko.

Kabla ya siku ya kwanza anaandika utabiri wake: nitauza mbili. Daftari linakuwa na safu nne: tarehe, nilichotabiri, kilichotokea, nitakachobadilisha kesho. Safu ya pili ndiyo watu wengi huiruka, na ndiyo inayobadilisha fikra. Usipoandika utabiri, akili itajisahihisha kimya kimya: ukiuza saba utasema nilijua, ukiuza moja utasema pia nilijua, na imani ya zamani itabaki ilipo. Ukiwa umeandika mbili kwa mkono wako na ukauza sita siku tatu mfululizo, hakuna pa kujificha. Baada ya siku sita anatazama wastani. Uko chini ya nne, anaacha na kujaribu kitu kingine. Uko juu, anaendelea siku sita nyingine kabla ya kuongeza sahani.

Majaribio ya namna hii huharibika kwa njia zinazojulikana. La kwanza ni kubadilisha mambo mawili kwa pamoja: ameongeza parachichi na pia amehamia upande wa pili wa barabara, mauzo yakipanda hajui ashukuru nini. La pili ni kuanza wiki ya mshahara na kumaliza katikati ya mwezi, kisha kulaumu bei wakati mifuko ya wateja ndiyo imekauka. La tatu ni kuhesabu mauzo kama faida, hasa pale ambapo chakula cha nyumbani kinatoka kwenye sufuria hiyo hiyo bila kuandikwa. Sahani tatu za watoto kwa siku ni 6,000, theluthi ya faida yake, na kama haziko kwenye daftari atadhani biashara imelogwa. La nne, ambalo ni baya kuliko yote, ni kuacha siku ya tatu kwa sababu mteja mmoja amecheka. Ndiyo maana idadi ya siku huandikwa mwanzoni.

Kisha kuna suala la mazoea. Kusema "nitakuwa naandika mauzo" hakuna nguvu. Peter Gollwitzer na mwenzake Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 mwaka 2006, wakaona kwamba watu waliofunga nia yao kwenye tukio maalumu walitimiza zaidi, kwa tofauti ya kuonekana, kuliko waliokuwa na nia tu. Mfano wake ni huu: nikishamaliza kuosha sufuria ya mwisho, nitaandika mauzo kabla sijashika simu. Sufuria ya mwisho hutokea kila siku, ndiyo maana inafaa. "Nikipata nafasi" haitokei kamwe. Na msidanganywe na changamoto za siku 21. Namba hiyo ilitokana na daktari wa upasuaji wa sura wa Marekani, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku kama 21 kuzoea sura mpya. Utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2010, uliofuatilia watu 96, ulikuta tabia mpya ilichukua siku 66 kwa mtu wa katikati, na ilitofautiana kutoka 18 hadi 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Watu wangapi wamekata tamaa siku ya 25 wakijiona wameshindwa, na kumbe walikuwa hawajafika hata nusu?

Kazi hii peke yako ni ngumu. Hapa nchi hii ina mfano ambao ningependa kila mwandaaji wa semina ausome. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wazima wapatao milioni mbili. Redio ilikuwapo na kitabu kilikuwapo, lakini nguvu yake ilikuwa kikundi: watu walikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 12 na kiongozi aliyefundishwa, wakasikiliza kipindi, wakasoma kitabu, wakajadili, na kukubaliana jambo la kufanya kijijini kwao. Walichimba vyoo, walifyeka vichaka karibu na nyumba, walifukia madimbwi. Mtu aliyechimba choo chake kwa mikono yake na kuona cha jirani hahitaji tena kuhubiriwa kwamba ugonjwa unazuilika.

Kikoba kinachoendeshwa vizuri hufanya kazi hiyo hiyo upande wa fedha. Watu 15 hadi 30, sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti na sanduku kwa wa nne. Kila mkutano mtu hununua hisa 1 hadi 5 mbele ya wote. Hisa ikiwa 2,000 na mtu akanunua tatu kila wiki kwa wiki 50, amefikisha 300,000 kabla ya kuhesabu riba ya mikopo, na kwa kanuni ya mara tatu anaweza kukopa hadi 900,000. Mwanamke aliyesema miaka yote kwamba hawezi kuweka akiba anakuta ameweka, na hakuna aliyemhutubia. Vikundi hufa kwa sababu zile zile kila mahali: sanduku kufunguliwa kati ya mikutano kwa dharura ya kiongozi, michango kupitia simu ya mweka hazina mmoja, mikopo mikubwa kutolewa mwezi wa mwisho, au kuruka mgawo wa mwisho wa mzunguko ili "fedha iendelee kuzaa". Mgawo ndio ushahidi. Bila kuuona, imani haikai.

Nyumbani na shuleni kanuni ni ile ile kwa mavazi mengine. Matokeo yakitoka, mzazi wa Moshi hujivunia kusema mwanangu ana akili, na asiyefaulu huambiwa hana kichwa cha shule. Wote wawili wamefungiwa mlango. Lakini kusema "umejitahidi" kwa mtoto aliyerudia njia ile ile isiyofaa mara kumi nako hakumsaidii. Dweck mwenyewe amelalamikia walimu wanaosifu bidii tupu. Muulize: mwanangu, swali hili ulikosea hatua ipi, na njia gani nyingine hujaijaribu? Kaa naye alifanye upya mbele yako. Kwenye afya na ndoa sitakaa sana. Anayesema "mimi siwezi kuamka kutembea" aanze na kuteremka daladala kituo kimoja kabla ya nyumbani, na anayeamini mwenzake hasikii aandike utabiri kabla ya mazungumzo, achague saa ambayo wote wameshakula, aseme jambo moja tu. Mara nyingi kinachodhaniwa kuwa tabia ya mtu ni saa mbaya ya kuzungumza naye.

Haya yana maana kwa fedha zitakazotumika Arusha kuelekea 2027. Anayetaka kweli kuwaandaa mama lishe wa Mbauda, wauza vinyago na madereva wa bodaboda aiache semina ya siku mbili. Badala yake apange vipindi vya saa tatu, mara moja kwa wiki kwa wiki 12, baada ya soko kupoa, kwa vikundi vya watu 20. Kila mtu aje na daftari lenye jaribio lake la wiki, na maofisa maendeleo ya jamii wa kata, ambao tayari wapo na wanalipwa, wapangiwe kumtembelea kila mshiriki kwenye biashara yake mara nne baadaye. Mkopo wa halmashauri kutoka ile asilimia 10 ya mapato utolewe kwa kikundi kilichokwisha kuonyesha madaftari hayo. Muda wa kuanza ni kabla ya masika. Aprili na Mei wageni ni wachache, chumba cha kupanga ni rahisi kupatikana, wateja wanaobaki ni wa hapa hapa, na kosa la shilingi 12,000 bado ni la kubebeka. Wageni wakishajaa uwanjani, kila jaribio litakuwa la bei kubwa.